Chemni Ikishika Masizi

Assalaam alaykum, ndugu zangu katika imani.

Linalonishughulisha wiki hii ni Aya ya Nuru, Suratun-Nur aya ya 35. Mwenyezi Mungu ameipigia mfano nuru yake: shubaka lenye taa, taa imo ndani ya kioo, kioo kama nyota ing'aayo. Hapo kwenye kioo tukae kidogo, maana kandili tunazijua.

Utambi ukipandishwa kupita kiasi, mafuta hupanda mengi kuliko hewa iliyopo ya kuyaunguza, na yasiyoungua huwa masizi. Utambi uliokatwa upande hutoa ulimi mmoja mrefu wa moto, ukawa unailamba chemni, yaani kioo cha kandili, pale pale kila usiku. Dawa ni mkasi: kata sawasawa, punguza kidogo pembe zake mbili, washa utambi ukiwa chini, ungoje kioo kipate moto ndipo upandishe. Chemni huoshwa imepoa. Ya moto ikiguswa na maji hupasuka. Na masizi ya jana hufutika kwa kitambaa kikavu, ya mwezi mzima yanataka kusuguliwa hasa.

Ndivyo ulivyo moyo. "Kallaa bal raana 'alaa quluubihim", yametanda juu ya nyoyo zao waliyokuwa wakiyachuma (Al-Mutaffifin, 14). Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mja akikosa, doa jeusi huwekwa moyoni mwake, akiacha na kutubia, husafishwa, akirudia, huongezwa mpaka likaufunika moyo. Basi istighfari isingoje Ramadhani, ndugu yangu. Ilete leo, kabla ya kulala, doa lingali jepesi.

Na taa zizimwe wakati wa kulala. Hadithi ya Bukhari mnaijua: panya huweza kuuburuta utambi akawaunguza wenye nyumba.

Lakini lipo la kuambiana wazi. Misikiti yetu mingine, Unguja na Pemba, imejaa taa za rangi mihrabuni, ilhali penye kutawadhia ni giza na utelezi, na wazee wanaokuja Alfajiri wanaipapasa ngazi kwa miguu. Hili si sawa. Waendao misikitini gizani wamebashiriwa nuru kamili Siku ya Kiyama. Bishara hiyo ni yao, na ngazi ni jukumu letu sisi tunaochangisha. Taa ya udhu ifungwe juu ya kichwa, mbali na maji yanayoruka, iwe na kifuniko ili isimpige mtu machoni. Ya ngazini imulike ukingo wa kila kidato. Fundi akija, aanzie huko nje; mihrabu ingoje zamu yake.