Saa Sita Usiku, Mchana Kweupe

"Na hii nifute?" aliniuliza wiki jana kijana aliye kwetu kwa mafunzo ya kazi, akinionyesha faili la .vdi, diski ya mashine pepe (kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta nyingine), lenye jina refu la namba na herufi. Alikuwa anatafuta nafasi kwenye diski ya nje. Nikamwambia asiiguse. Faili ya namna hiyo imebeba tu vipande vya diski vilivyobadilika tangu snapshoti, yaani picha ya hali ya mashine pepe ya kurudia baadaye, ipigwe. Ukiifuta kwa mkono, kila snapshoti iliyojengwa juu yake inakufa nayo. Snapshoti hufutwa kupitia VirtualBox yenyewe, programu inayoendesha mashine pepe, iunganishe mabadiliko kwanza, na kuunganisha kunataka nafasi ya ziada. Anayengoja diski ijae ndipo afute amechelewa.

Halafu nikaona jina la snapshoti yenyewe: dak5. Desemba 2020, chumba cha juu ya duka la jumla, Nakuru.

VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ilikuwa imeshushwa Aprili mwaka huo kutoka asilimia 16 hadi 14, na ilikuwa irudi 16 tarehe 1 Januari 2021. Mfumo wa mauzo wa mzee mwenye duka ulipaswa kuvuka usiku ule bila kujikwaa. Mwenzangu aliona tunajisumbua bure. "Nani atanunua sabuni saa sita usiku na kafyu ni saa nne?" Alikuwa na haki. Lakini pale oda za malori hufunguliwa jioni zikawekwa kando, zikalipiwa asubuhi, na ripoti ya kufunga siku hujitoa yenyewe saa sita.

Basi tukaamua kuuigiza usiku ule mapema, mchana, ndani ya mashine pepe. Tukapanga snapshoti tatu, moja juu ya nyingine. Ya kwanza tuliiita safi: Windows na masasisho yake, basi. Ya pili, mfumo: programu imeshawekwa, hifadhidata ina bidhaa. Ya tatu ndiyo dak5, saa ikisoma 23:55 tarehe 31 na oda moja ikiwa wazi. Hiyo lazima ipigwe mashine pepe ikiwa inafanya kazi, ili RAM nayo ihifadhiwe pamoja na diski. Ukiipiga mashine imezimwa, ikiwashwa itachukua saa ya kompyuta mwenyeji, ile halisi inayoibeba, na dakika zako tano zimekwenda.

Saa ilitutesa kwanza. Tunaiweka 23:55, mara imerudi mchana. Kumbe Guest Additions, programu saidizi ya VirtualBox ndani ya mashine pepe, ndiyo iliyokuwa inaivuta: tofauti ikizidi dakika 20, huiweka upya ilingane na ya mwenyeji. Dawa yake ni kuizima mashine pepe na kuandika hivi (yetu iliitwa jumla):

VBoxManage setextradata "jumla" "VBoxInternal/Devices/VMMDev/0/Config/GetHostTimeDisabled" 1

Kisha Windows yenyewe izuiwe kuuliza saa mtandaoni. Sisi tuliukata mtandao wa mashine pepe kwenye mipangilio, yakaisha.

Mashine ya ETR, ile ya risiti za kodi, hatukuiunganisha kabisa, na hili naona watu wengi hulipuuza. Snapshoti hurudisha kilicho ndani ya mashine pepe. Risiti iliyokwisha kuingia kwenye kumbukumbu ya ETR haijui habari za snapshoti. Ungerudi nyuma, namba ya ankara ikarudi nawe, na ETR ingebaki na ile ya mbele. Kwa hiyo COM1, mlango wa kuunganishia ETR, tuliielekeza kwenye faili la maandishi: --uart1 0x3F8 4, kisha --uartmode1 file na njia ya faili.

Basi tukaketi. Jua lilikuwa linachoma bati, chini wapagazi wanapakia sukari kwa kelele zao, na kwenye skrini ni 23:57. Mwenzangu akaskani mtungi wa mafuta ya kupikia, lita 20, kwenye ile oda iliyo wazi. 23:59. Hakuna aliyesema kitu, kama kwamba saa ile ni ya kweli. 00:00. Faili la maandishi likaanza kurefuka, mstari baada ya mstari, ripoti ya tarehe 31. Akaongeza katoni ya sabuni, akalipisha. Risiti ilikuwa sawa: mafuta 14, sabuni 16. Ripoti ndiyo ilikuwa mbovu. Kwa kila shilingi 1,000 za mauzo ya mchana, risiti zilikuwa na VAT ya 122.81, ripoti ikadai 137.93. Ilikuwa inasoma kiwango kutoka kwenye mipangilio badala ya kwenye mauzo yenyewe, na mipangilio ilikuwa imegeuka sekunde ileile.

Mzee alikuwa amepanda ngazi bila sisi kumsikia. Akatazama skrini, akatazama dirishani.

"Kijana, kwenu huko mwaka umeshakwisha?"

Nikamwambia tunaurudisha. Poweroff, restore dak5, startvm. Muda si mrefu 23:55 ikarudi, oda ikiwa wazi, mshale wa kipanya pale ulipokuwa.

"Basi kama mnaweza," akasema, "rudisheni hadi Februari."

Hakucheka, nasi hatukujua kama tucheke. Machi ndiyo korona ilikuwa imeingia nchini.

Yaliyofuata yalikuwa kazi ya kawaida. Kiwango cha kodi kikaandikwa kwenye kila mstari wa mauzo wakati wa kuskani, ripoti ikawa inajumlisha mistari, na bidhaa inayorudishwa ikawa inafuata kiwango cha risiti yake ya kwanza. Kila marekebisho, tulirudi dak5 tukavuka tena. Usiku wenyewe ulipita kimya.

Jumamosi tarehe 2, dada keshia akapiga simu. Mteja alirudisha mtungi unaovuja alioununua tarehe 30 kwa 2,850. Mfumo ukamrudishia 2,850 kwa asilimia 14, vizuri kabisa, kisha ukamuuzia mwingine kwa 2,900.

"Anauliza hamsini ni ya nini. Mafuta ni yaleyale. Nimwambie nini?"

Nilimweleza habari za viwango, naye akanyamaza kwa heshima. Labda mtungi uliovuja haukupaswa kuhesabiwa mauzo mapya, labda tungeweka kitufe cha kubadilisha tu. Mwenzangu alisema ndiyo, mhasibu akasema hapana, na sijaamua hadi leo. Hamsini yenyewe mzee aliitoa mfukoni mwake.