Kibodi inayokula herufi

Kila mwenye kibodi isiyo na waya hapa Wete huja dukani kwangu na lalamiko lile lile: inakula herufi. Ameandika "Mheshimiwa", kwenye kioo imetoka "Mheimwa". Na hukumu ameshaitoa njiani: nimeuziwa feki.

Feki zipo, sikatai. Lakini kabla ya kumlaani muuzaji, tazama ulipokichomeka kile kidude chake cha USB. Kibodi nyingi za aina hii huwasiliana na kompyuta kwa mawimbi ya 2.4 GHz. Tundu la USB 3.0, mara nyingi lile lenye ulimi wa buluu, likipitisha data hutoa kelele ya umeme inayoangukia kwenye mawimbi hayo hayo. Intel wenyewe, watengenezaji wa chipu za kompyuta, waliliandika jambo hili mwaka 2012. Sasa wewe umekichomeka kidude ubavuni mwa diski ya nje (hard disk) inayonakili filamu, tena nyuma ya CPU iliyosukumwa chini ya meza hadi ukutani. Kitasikia nini?

Maalim mmoja wa skuli jirani nilimpa waya mfupi wa kurefusha USB, kidude kikapanda juu ya meza, karibu na kibodi.

"Ndiyo hilo tu?"

"Ndilo hilo, maalim."

Aliandika barua nzima huku akiniangalia kwa jicho la shaka.

Kibodi za Bluetooth hazina kidude. Unabonyeza kitufe cha kuunganisha mpaka taa ipepese, unaichagua kwenye kompyuta, basi. Kompyuta ikikuonyesha namba, ziandike kwenye kibodi hiyo hiyo kisha Enter. Wengi hukaa wanazitazama tu. Ila usiitupe ile ya waya. Bluetooth nyingi hazifanyi kazi mpaka Windows iwake, na siku Windows ikigoma utaitafuta.

Balaa letu kubwa ni betri. Hewa ya chumvi na unyevu wa masika hushambulia springi, na betri za alkalaini zikisahaulika ndani huvuja unga mweupe. Unga huo ni jamii ya magadi, usiushike kwa mkono mtupu. Chukua pamba ya masikio, ichovye kwenye siki au maji ya ndimu, futa kidogo kidogo, kisha pitisha spiriti na uache pakauke kabisa. Kutu iliyobaki, msasa laini. Betri mpya usiichanganye na kuukuu. Zile za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo kibodi ikikwambia chaji imepungua ilhali umezitoa kwenye chaja sasa hivi, usishtuke.

Vitufe vinavyonata sisemi mengi. Halua yetu tamu, lakini nawa mikono kwanza.

Waya wa kurefusha upo dukani. Kibodi mpya zipo pia, ila njoo na hiyo ya zamani tuijaribu kwenye kompyuta yangu kwanza.