Jaji Hatoi Alama, Lakini Karatasi ya Alama Aisome

Mzabuni aliyeangushwa katika tathmini ya kiufundi akienda mahakamani, taasisi nunuzi hujibu kwamba mambo haya ni ya wataalamu, na jaji asiyesomea mitambo wala mifumo ya kompyuta hana la kusema juu yake. Nusu ya jibu hilo ni kweli. Mapitio ya mahakama si rufaa: jaji haulizi kama yeye angetoa alama 80 pale kamati ilipotoa 60, anauliza namna alama hizo zilivyofikiwa. Mahakama ya Juu ya India iliuweka wazi mpaka huo mwaka 1994 katika shauri la Tata Cellular, nami naukubali kwa moyo wote, maana mahakama ikianza kugawa alama tutakuwa na kamati mbili za tathmini, ya pili ikiwa haina hata mhandisi mmoja.

Ninachokikataa ni kuugeuza mpaka huo kuwa pazia. Jaji hahitaji kujua jenereta inavyofanya kazi ili aone kwamba nyaraka za zabuni zilitaka uzoefu wa miaka 5 ilhali kamati ilipima kwa miaka 10, au kwamba cheti kilichokosekana kwa wazabuni wawili kilimwondoa mmoja tu. Na pale safu ya maoni inapokuwa na neno moja, "haitoshi", bila kusema ni nini kisichotosha na kwa kigezo kipi, hapo hakuna utaalamu wa kuheshimiwa, kwa sababu hakuna uliooneshwa.

Shauri ninalolirudia mara kwa mara ni la AllPay, kampuni iliyokuwa mmoja wa wazabuni, lililoamuliwa na Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini Novemba 2013, kuhusu zabuni ya kulipa ruzuku za ustawi wa jamii. Kuvuka hatua ya kiufundi kulihitaji asilimia 70. AllPay ilikuwa na 70.42, lakini baada ya wazabuni kuitwa kujieleza ana kwa ana ikashushwa hadi 58.68, na kiini cha mvutano kilikuwa uthibitishaji wa mpokeaji kwa alama za mwili kama za vidole, jambo ambalo tangazo la nyongeza kwa wazabuni halikulieleza kwa uwazi wa kutosha. Akabaki mshindani mmoja, bei yake ikakosa ya kulinganishwa nayo.

Mahakama ya rufaa ilikuwa imeona kasoro hizo hazikubadili matokeo. Mahakama ya Katiba ikaikataa hoja hiyo: uhalali wa mchakato hupimwa wenyewe, kando na swali la nani angeshinda. Kwangu huo ndio msingi wa yote, kwani mchakato ukishaharibika hakuna awezaye kuapa kwamba mshindi angekuwa yuleyule. Hata hivyo mkataba ulikuwa tayari unatekelezwa, na mahakama, ikichelea ruzuku kukatika, ilitamka kwamba utoaji wa zabuni ni batili kisha ikasimamisha ubatilifu huo kwa muda.