Nakala ya Injili ya Cuthbert: ngozi imekubali, sasa tuko kwenye kushona

Wadau, mradi umesogea. Kwa anayejiunga leo, natengeneza upya mwili wa kitabu kimoja cha zamani sana, Injili ya Mtakatifu Cuthbert (mtawa na askofu wa karne ya 7 huko huko Uingereza), yaani Injili ya Yohana kwa Kilatini iliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 8 kwenye monasteri ya Wearmouth-Jarrow, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Ni kidogo, kama sentimita 14 kwa 9 tu, kina majani 94, na kilikutwa ndani ya jeneza la Cuthbert lilipofunguliwa kule Durham mwaka 1104. British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, walikinunua 2012 kwa pauni milioni 9, na picha za kila ukurasa wakaziweka mtandaoni, ndizo ninazofanyia kazi.

Maandishi yake ni mazuri ila siyo yaliyonivuta. Kilichonivuta ni jalada, mbao mbili nyembamba zimevikwa ngozi ya mbuzi nyekundu, na ni lile lile la mwanzo. Hakuna kitabu kingine cha Ulaya cha umri ule ambacho jalada lake limebaki zima hivyo. Vitabu vingi vya zama zile vilikuja kujaladiwa upya, na kila fundi aliyejaladi upya alikata uzi wa zamani, akapunguza kingo, akatoboa mashimo yake mapya, sasa uzi ukishaondoka nani atakuambia kitabu kilishonwaje mara ya kwanza? Ndo maana hiki ni cha thamani kubwa kwangu kuliko vile vikubwa vyenye dhahabu.

Haya, ngozi ya kurasa. Watawa wale walitumia ya ndama, mimi natumia ya mbuzi maana ndiyo inayopatikana machinjioni bila shida. Unailoweka kwenye maji ya chokaa na kuigeuza kila siku mpaka manyoya yaachie yenyewe ukiyavuta, unaparua pande zote mbili, unasuuza, halafu ndo unaiwamba kwenye fremu. Hapa kuna kitu kidogo ambacho nimekipenda mno: huitoboi ngozi ili upitishe kamba, kwa sababu ikianza kukaza pale kwenye tundu patachanika. Unachukua kokoto laini, unaiviringishia ukingo wa ngozi, kamba unaifunga nyuma ya ile kokoto kama shingo, na kamba inaenda kwenye kigingi cha fremu. Kadiri inavyokauka inavuta, wewe unakaza vigingi na kuparua, unalowesha kidogo, unakaza tena, unaparua tena. Ngozi ya viatu inatiwa dawa za magome ibaki laini, hii haitiwi kitu cha namna hiyo, ugumu na weupe wake vinatokana na kule kukauka ikiwa imevutwa. Na ndiyo maana haijawahi kutulia kabisa, hewa ikiwa na unyevu inajikunja, na kwa unyevu wa hapa Dar nalazimika kuiweka chini ya mbao nzito muda wote.

Palipokuwa na kovu la kupe au mdudu mwingine pakivutwa panafunguka tundu la duara au la yai. Vitabu vya zama za kati vimejaa matundu hayo, mwandishi anaandika mpaka ukingoni, anaruka, anaendelea upande wa pili. Zamani nilikuwa nayaona kama uharibifu, sasa nikiliona najua lilikuwepo kabla ya neno la kwanza kuandikwa.

Upande wa manyoya unabaki na manjano kidogo na vidoti vya vinyweleo, upande wa nyama ni mweupe zaidi na laini. Caspar René Gregory, Mmarekani aliyekuwa akifundisha Leipzig, katika karne ya 19 aligundua kwamba kwenye vitabu vya Kigiriki ukifungua popote kurasa mbili zinazotazamana zinafanana, manyoya kwa manyoya, nyama kwa nyama. Ukikuta mahali hazifanani una sababu ya kuuliza kama kuna jani limechomolewa, na hapo hujasoma hata neno moja! Visiwani, yaani Ireland na Uingereza ya mwanzo, mara nyingi walipanga tofauti, kwa hiyo mpangilio wenyewe unaweza kukunong'oneza kitabu kimetoka wapi.

Mistari nimeichora kwa ncha ya chuma bila wino, kama walivyofanya wao. Inaacha mfereji upande mmoja na tuta upande wa pili, kwa hiyo unachora mara moja umepata kurasa mbili. Mwanga ukitoka juu huoni kitu, lete taa ubavuni na ukurasa mzima unajaa mistari.

Sasa kushona. Majani yamekunjwa kwa vitita, shiti nne zinaingiana unapata majani nane. Hakuna kamba nene mgongoni, vitita vinashikana vyenyewe kwa uzi, sindano inatoka kwenye kitita, inapita chini ya mshono wa kitita kilichotangulia, inarudi ndani, na mgongoni unaona mnyororo kama msuko wa nywele. Kitabu cha Cuthbert kina jozi mbili za mashimo, kila jozi na sindano zake mbili, jumla sindano nne. Nimetumia uzi wa kitani niliopaka nta. Ukivuta sana unachana mkunjo, ukilegeza vitita vinacheza, mkono unajifunza wenyewe baada ya vitita kadhaa.

Na kinachonisisimua ni kwamba mshono huu siyo wa Kizungu asilia. Ni wa Wakristo wa Misri, ndo maana wanauita wa Kikopti, na Ethiopia vitabu vya makanisa vimeendelea kushonwa kwa mnyororo huu huu kwenye mbao tupu mpaka karne zetu hizi. Majalada ya Kiislamu nayo yana mshono wa ukoo huo, vitita vinafungwa kwa mnyororo bila kamba. Kwa hiyo misahafu ya kale ya pwani yetu, kama ile iliyonakiliwa Siyu kisiwani Pate, inapaswa kuangaliwa mgongoni kwa makini kama inavyoangaliwa nakshi yake. Jamani ukiwa na msahafu wa babu umeachia usiupige gundi wala selotepu, piga picha mgongo na mikunjo kwanza, uzi uliokatika uache hapo hapo ulipo.

Kilichobaki ni mbao na kuvika. Wao inaelekea walitumia mti wa birch, mti wa nchi za baridi, mimi nimepata mkangazi nimeuparua mpaka ukawa mwembamba, mashimo tayari, uzi wa kitita cha mwisho ndo utafunga mbao. Baada ya hapo kazi kubwa ni ule mmea ulioinuka kwenye jalada la mbele, matawi na vichipukizi vimetuna chini ya ngozi. Wiki hii najaribu kwenye vipande vya mabaki nione ngozi ya jalada ikiwa imeloweshwa inashika umbo kiasi gani ikibanwa juu ya mchoro wa uzi. Rangi nyekundu nitaichagua nikishaona hilo.