Siku Moja ya Kugawa Prosesa 512

Saa 11 alfajiri. Ninafungua foleni ya kompyuta kuu kabla ya jambo jingine lolote, kwa kuwa utabiri wa hali ya hewa wa saa 48 unaoanza sasa ni lazima ukamilike kabla ya wanaoutegemea kuingia kazini. Leo nimepewa prosesa 512, yaani vitengo vya kufanya hesabu vya kompyuta hiyo. Modeli yetu, yaani programu inayokokotoa hali ya hewa, ina eneo mama lenye gridi ya kilomita 9 (umbali kati ya nukta moja ya hesabu na nyingine), na ndani yake maeneo mawili ya kilomita 3: la kwanza lina nukta 288 kwa 288, la pili 192 kwa 144. Kila eneo mama linapopiga hatua moja ya muda, maeneo hayo hupiga tatu, hivyo gharama kubwa ya hesabu imo humo.

Saa 2 asubuhi. Utabiri umekamilika, lakini umechelewa, nami ninasoma kumbukumbu za utendaji kutafuta chanzo. Modeli imeyashughulikia maeneo hayo moja baada ya jingine, kila moja likitumia prosesa zote. Eneo la pili likikatwa vipande 512, kila prosesa hubaki na nukta 6 kwa 9, yaani 54 tu. Ili kukokotoa upepo na joto kwenye kingo za kipande chake, prosesa huazima safu tatu za nukta kutoka kwa majirani wa kila upande, na nukta hizo za kuazima hufika 126. Muda unaishia katika kubadilishana ujumbe. Mwanasayansi Mwingereza Lewis Fry Richardson, aliyewaza mwaka 1922 ukumbi wa watu 64,000 wa kukokotoa hali ya hewa, tayari aliona kwamba kila mmoja wao angelazimika kuwaonyesha majirani hesabu zake. Kazi hiyo ya ujirani ndiyo inayonishughulisha hadi leo.

Saa 4. Maeneo haya mawili hayategemeani ndani ya hatua moja ya eneo mama, kwa hiyo yanaweza kwenda sambamba. Nukta zao zina uwiano wa tatu kwa moja. Ninalitengea la kwanza prosesa 384 na la pili 128. Sasa kila prosesa, popote ilipo, ina kipande cha nukta 12 kwa 18, yaani 216, na huazima nyingine 216.

Saa 8 mchana. Jaribio limekwenda kasi kuliko utabiri wa alfajiri, ila kundi la prosesa 384 linamaliza mapema na kusubiri kwenye kila hatua. Eneo dogo limefunikwa na mawingu ya radi, na hesabu za matone, barafu na mvua ni nzito pale penye wingu kuliko penye anga tupu. Ninaona hapa ndipo wengi wetu hukosea: tunagawa prosesa kwa idadi ya nukta, ilhali kinachopaswa kugawiwa ni uzito wa kazi.

Saa 10. Ninahamisha prosesa 32, zikawa 352 na 160. Kusubiri kumepungua sana.

Saa 12 jioni. Ninamalizia programu fupi itakayopima muda wa hatua chache za mwanzo katika kila eneo, kisha igawe prosesa kwa vipimo hivyo. Nimeiweka mbele ya kazi ya kesho kwenye foleni.