Shuka langu la viraka: siku tuliyokwenda London kuona kazi za Gee's Bend

Mpaka majira ya kuchipua ya 2023 shuka langu lilikuwa limelala kapuni. Mama alinitumia kanga zake kuukuu kutoka Tanga, zile zilizofuliwa mpaka zikalainika na rangi kupauka. Nikazikata miraba inayolingana, nikaiunga safu kwa safu. Mishono ilinyooka, lakini kila nikitandaza naona kitambaa cha meza ya mgahawa.

Shoga yangu wa Mombasa ndiye aliyeleta habari: Royal Academy, jumba la sanaa pale Piccadilly, London, wametundika kazi za wasanii weusi wa kusini mwa Marekani, yakiwemo mashuka ya viraka ya akina mama wa Gee's Bend, Alabama. Jumamosi tukapanda treni kutoka Reading, pamoja na dada mmoja wa Bujumbura ambaye ndiye fundi hasa kati yetu. Maandazi yaliisha kabla ya Slough.

Gee's Bend iko kwenye kona ya Mto Alabama, maji yamekizunguka kijiji pande tatu. Wenyeji wengi ni vizazi vya watumwa wa shamba la pamba, na hadi leo wengi wanaitwa Pettway, jina la bwana aliyelichukua shamba hilo miaka ya 1840. Ukisoma vibao ukutani unakutana na Pettway baada ya Pettway. Akina mama hao walishona kwa sababu nyumba za mbao zilipitisha baridi, na kitambaa kilichokuwapo kilikuwa ovaroli na suruali za shambani zilizochakaa. Missouri Pettway alipofiwa na mumewe, mwaka 1942, alizishona nguo za kazi za marehemu kuwa shuka la kujifunika. Shuka hilo sasa ni mali ya National Gallery of Art, Washington.

Nilikosimama muda mrefu ni kwenye mtindo wanaouita Housetop, yaani paa la nyumba. Unaanza na kipande kimoja katikati, unakizungushia ukanda, kisha mwingine, na mwingine, mpaka shuka litoshe kitanda. Kwa maneno ni kazi ya mtoto. Sogea karibu uone: ukanda umeanza mpana ukaishia mwembamba, mwekundu umekwisha njiani ukaungwa wa kahawia, pembe hazikutani pale unapozitarajia. Kipimo ni jicho. Dada wa Bujumbura aliinama mpaka mlinzi akakohoa. "Huyu kunyoosha anajua," akaninong'oneza, "ila hapa hakutaka."

Kuna na kodrai, kile kitambaa kizito chenye mistari iliyoinuka. Ushirika wa Freedom Quilting Bee, ulioanzishwa 1966 wakati wa harakati za haki za raia, baadaye ulipata kandarasi ya kushona foronya za kodrai kwa ajili ya Sears, maduka makubwa ya Marekani. Mabaki yakaenda majumbani, na kwa kuwa kodrai ni nzito, haipendi kukatwakatwa, mapande yake yakawa makubwa na ya wazi. Marlene Bennett Jones, mshonaji wa Gee's Bend, bado anaitumia: shuka lake la pembetatu, la jinzi na kodrai, ni la 2021.

Tulipotoka ndipo ubishi ulipoanza. Nikawaambia nataka kukata upya, shoga yangu akashtuka: "Na jina la kanga pia? Utamkata mama ulimi?" Kwake kanga yenye maneno haiguswi mkasi. Fundi yeye alikuwa anapima kwa vidole juu ya goti. Kanga, alisema, imekuja na mikanda yake tayari: pindo pande zote nne, na jina limekaa kwenye kisanduku kirefu chembamba. Kwa nini tunahangaika na miraba?

Basi safu zote nimezifumua. Katikati nimeweka kipande cha kisutu, nimekizungushia pindo, kisha majina yakiwa mazima, mojawapo "Wema hauozi", limegeuka kichwa chini kwa sababu ndivyo upande ulivyofika. Nimechanganya na jinzi kuukuu, na hapo kuna kazi, kwani jinzi inaivuta kanga mpaka inakunjamana. Dawa yake fundi kanipa: nyuma ya kila ukanda wa kanga naweka bitana nyepesi, napiga bandi kwa mkono, ndipo napeleka kwenye cherehani. Inachelewesha, ila unatulia.

Bado ujazo wa ndani, ule unaokaa kati ya uso wa viraka na kitambaa cha chini. Mimi nataka pamba ya kununua. Fundi anasema niweke blanketi lililochoka, halitasogea nikilifua. Mwisho wa mwezi anakuja na lake tulijaribu.