Betri na umeme wa usiku: soma mita kwanza
Wenye nyumba hapa Uganda, kabla hamjanunua betri ya kuchaji kwa umeme nafuu wa usiku ili muitumie saa za bei ghali, angalieni daraja la mita yenu. Yaka (mita ya kulipia kabla) ya nyumbani haina bei ya usiku. Bei ya yuniti (kilowati-saa moja) hutegemea kiasi unachotumia, si saa unayotumia. Bei za saa wanazo wenye biashara na viwanda: ghali saa 12 jioni hadi saa 6 usiku, nafuu saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi.

Duka lenye mita ya bei za saa linaweza kutumia betri ya lithiamu ya volti 51.2, ampea-saa 100, yaani kama yuniti 5. Ukiacha asilimia 20, zinabaki 4. Chaji kwa ampea 20 na kwa saa nne imejaa tena. Kumbuka kati ya kuchaji na kutumia hupotea takribani yuniti moja kwa kila saba, kwa hiyo tofauti ndogo ya bei haitakulipa.

Kosa linaloumiza sana ni saa ya kuanza kuchaji unayoiweka kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi). Saa sita usiku iandike 00:00. Ukiandika 06:00, betri itachaji mchana! Na nati za betri zikazwe barabara. Zikilegea hupata moto hadi kuyeyusha waya.